Kamba ya Mwisho Kushuka Barafuni

Tarehe tisa Agosti, kabla ukungu haujaondoka Werugha, tulimpoteza Maghanga, mume wa marehemu dada yangu. Kanisa lilipoteza mwimbaji wa besi, na ng'ombe wake wawili wakapoteza mtu aliyewasemesha wakati wa kukamua. Mimi nilipoteza mtu pekee katika Taita nzima ambaye ningeweza kumwambia, "Unakumbuka ile siku paipu ilikataa kujikunja?" naye akaanza kucheka kabla sijamaliza.

Ninyi vijana mnaosoma hapa juu na kule Voi mmeniuliza tangu matanga kama ni kweli sisi wawili tulifanya kazi Ncha ya Kusini ya dunia. Ni kweli. Mimi Wakesho, muuza chai wa Miasenyi, niliyeishia darasa la saba, nilikaa huko misimu mitatu ya kazi. Sitawaandikia hesabu, kwa sababu hesabu zilikuwa za wengine. Nilikuwa mwendesha winchi, mashine ya kushusha na kupandisha vitu vizito. Nitawaeleza niliyoyaona, na nisiyoyaelewa nitasema sikuyaelewa.

Kazi ilikuwa hii. Tulichimba mashimo katika barafu, kila shimo kina cha zaidi ya kilomita mbili, na ndani ya kila shimo tukashusha kamba. Tunaposema kamba tuna maana ya kebo nene yenye macho ya kioo yaliyofungwa kuanzia chini kwenda juu, kila jicho likiwa na ukubwa wa boga zuri la sokoni. Shimo likiganda, macho yanabaki humo milele, gizani. Kamba zote pamoja ndizo darubini. Haitazami angani kama darubini nyingine. Imezikwa, na inangoja.

Inangoja nyutrino. Hiyo ni chembe ndogo kupita kiasi, inayopita katika kila kitu. Zinapita ndani yako unaposoma hapa. Zinapita mlima Vuria kana kwamba mlima haupo. Mara chache sana moja inagonga barafu, na pale ilipogonga kinatoka kipande kinachokimbia kikiacha mwanga wa bluu nyuma yake. Macho ya karibu yanauona ule mwanga. Nyutrino nyingine zinatoka hapa hapa, kwenye hewa iliyo juu yetu. Lakini kuna chache zenye nguvu kubwa mno ambazo zimetoka mbali kuliko nyota tunazoziona, na hizo ndizo darubini ilizojengewa. Kule zilikotoka kuna nini hasa, sikuelewa. Niliambiwa mara nyingi na kwa upole, lakini sikuelewa.

Mtaniuliza, mwanga ndani ya barafu unaonyeshaje njia? Hilo nililielewa upesi kuliko wote, kwa sababu ya Miasenyi. Kibanda changu cha chai kilikuwa cha mwisho upande wa Mombasa. Wakati wa magharibi, nikiwa nimeipa barabara mgongo nasugua sufuria, nilijua lori linatoka wapi bila kuliona. Taa zikianza kuangaza ukuta wangu, kisha wa kinyozi, kisha wa duka la mbali, limetoka Mombasa. Zikianza kwa duka la mbali, limetoka Nairobi. Ukuta ukiwaka mno, basi lori ni kubwa, au dereva hana adabu. Macho ya barafuni ni kuta za maduka. Ukijua ni lipi lilianza kuwaka na ni lipi likafuata, umeijua njia.

Shemeji hakujali sana njia. Alitaka jambo moja, na alilisema wazi kwa kila mtu mpaka tukachoka. Alitaka kuambiwa, angali hai, kwamba kamba aliyoishusha yeye imeona moja ya zile za mbali. Na si kamba yoyote. Alitaka ile ya mwisho, kwa sababu alijua hatarudi tena.

Nirudi nyuma. Shemeji alikuwa fundi wa visima virefu vya mashine huko tambarare, na mwaka mmoja wakapiga kambi Mata. Dada yangu aliniambia niende niwapikie, kwa kuwa mumewe alikuwa anarudi nyumbani amekonda. Siku ya kwanza alionja chai yangu mbele ya wenzake.

"Shemeji, hii chai ina maji kuliko kisima changu."

"Kisima chako kina vumbi," nikamwambia. "Ukitaka maji, chimba humu ndani ya sufuria."

Wakacheka wiki nzima. Baadaye mtu wa winchi akashikwa na malaria, akapelekwa hospitali, na mtambo ukasimama. Mwenye shamba alikuwa anazunguka akiuliza maji yako wapi. Shemeji akaniangalia pale jikoni.

"Wewe ambaye kazi yako ni kutukosoa, njoo ukae hapa."

Nikakaa. Tangu siku hiyo sikutoka kwenye kiti cha winchi, ila tu kuhamia kiti kingine chenye baridi zaidi.

Jambo alilonifunza siku hiyo ndilo ninalowaachia ninyi, hata kama mtakuja kuendesha kompyuta na si winchi. Ukiitwa kazini, jibu. Ukiambiwa "shusha", sema "nashusha". Ukiambiwa "simama", sema "nimesimama". Usitikise kichwa tu. Mtu aliye upande wa pili wa mtambo haoni kichwa chako. Shemeji alikuwa akisema kwamba chuma hakiumizi mtu, kinachoumiza ni kunyamaza.

Kule Mata alikuwepo mhandisi mgeni, Astrid, mwanamke wa nchi za baridi, ambaye alikuja kusimamia visima vya mradi. Alijifunza Kiswahili kisimani, kwa hivyo alijua maneno yote ya mabomba na hakujua neno hata moja la harusi. Alipoondoka tuliagana vizuri. Miaka mingi baadaye akatupigia simu. Alikuwa sasa anachimba barafu. Alisema anahitaji watu waliozoea kukaa na shimo refu bila kulala na bila kupiga kelele.

Mchungaji wetu aliposikia akamuuliza shemeji kama huko ni salama.

"Hakuna nyoka, mchungaji. Hakuna tembo wa kula mahindi. Hakuna mbu."

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna."

Tukapimwa moyo, meno na mapafu. Wakati huo mapafu ya shemeji hayakuwa na neno. Ndege ya mwisho kutubeba ilikuwa ya mizigo, yenye skii badala ya magurudumu. Mlango ulipofunguliwa nilivuta pumzi moja, nikafikiri nimemeza sindano. Kule ni juu sana, hewa ni nyembamba. Unapanda ngazi mbili unahema kama aliyepanda kutoka Mwatate na gunia. Na jua halitui msimu wote wa kazi. Linazunguka tu upeoni, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Sasa niwaambie kosa letu la kwanza, ambalo nadhani hakuna mtu aliyewahi kulifanya isipokuwa watu wa visima.

Huku kwetu, mashine ikifika kwenye maji, unazima kila kitu. Watu wananyamaza. Kisima kinaachwa kitulie, tope lishuke, na mwenye shamba ndiye anayeonja kwanza. Kukimbilia kuteka ni kama kumbeba mtoto kabla mama hajamwona. Shemeji alikuwa mkali juu ya hilo. Aliwahi kumfukuza kijana kwa kutumbukiza kikombe mapema.

Barafuni hakuna chuma kinachozunguka. Unachimba kwa maji. Maboila yanachemsha maji yaliyotokana na barafu yenyewe, yanapita kwenye paipu nene ndefu, yanatoka kwa nguvu kwenye pua iliyo mwishoni, na barafu inayeyuka huku pua inashuka kwa uzito wake. Kwa hivyo shimo linajaa maji tangu mwanzo. Huku kwetu tunaomba maji yaje. Kule tunaomba yasigande. Maana barafu inataka shimo lake lirudi. Ukimaliza kuchimba, unatoa paipu, unashusha kamba, na muda wako wote ni kama siku moja hivi kabla kuta hazijakaribiana.

Tulielezwa hilo darasani. Tulilijibu vizuri. Halafu shimo la kwanza lilipofika mwisho, simu ya upepo ikasema "chini", na mikono ya shemeji ikafanya ilichofanya miaka yote. Akafunga valvu. Akavua kofia. Akakunja mikono. Mimi nami, ninayemfuata, nikasimamisha winchi, nikainamisha kichwa.

Kimya. Kisha nikasikia buti za Astrid zikija mbio.

"Maghanga! Mnafanya nini?"

"Tunakiacha kitulie."

"Kitulie?" Alikuwa anahema, nyusi zake nyeupe kwa theluji. "Kikitulia kinakufa! Fungua! Wakesho, vuta, vuta!"

"Navuta!" nikajibu, na winchi ikaanza kulia.

Hatukupoteza kitu siku hiyo. Lakini kwa msimu mzima mtu akikaa kidogo na kikombe chake, wenzetu walikuwa wakimwuliza, "Vipi, unatulia?" Wazungu wale walilijua neno hilo kabla ya "asante".

Kuna mengine madogo. Glavu za akiba zikae kifuani ndani ya koti, kamwe zisikae mfukoni. Usiguse chuma kwa ulimi hata kama umewekewa dau. Mpende mpishi. Msimu wa pili nilibeba unga wa mahindi, nikapika ugali kwa watu wa mataifa sita au saba, na fundi wa umeme, mtu mkubwa kama mlango, akauliza kama ni kitu cha kuzibia nyufa. Akaambiwa ale kwanza. Alirudi mara mbili, na baadaye akanifundisha kusoma skrini ya kuonyesha uzito, ambayo ilikuwa imenishinda. Huku kwetu tulipima kina kwa kutia alama ya rangi kwenye bomba na kuhesabu. Kule skrini inakuambia yote, ila lazima ujue kuiamini, na hilo lilinichukua muda kuliko baridi.

Msimu wa tatu shemeji alikohoa. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu. Kisha ikawa akipanda ngazi anasimama katikati akijifanya anatazama mandhari. Hakuna mandhari kule. Ni nyeupe pande zote.

"Shemeji, unatazama nini?"

"Natazama unavyochelewa."

Nilimwambia aende kwa daktari wa kituo. Akasema ataenda shimo la mwisho likiisha. Nikamwambia kama haendi nitasema mimi. Akacheka, akidhani ni utani wa shemeji. Haukuwa utani. Nilikwenda kwa Astrid nikamweleza. Ningefanya hivyo tena leo. Dada yangu aliponiachia yule mtu kabla ya kufariki, hakuniambia nimtunze akiwa Werugha tu.

Daktari akampima. Akasema mapafu hayapendezi, hatarudi msimu mwingine, na kwa siku zilizobaki asifanye kazi nje kwenye mdomo wa shimo. Astrid akamweka ndani ya kibanda chenye joto, mbele ya skrini ya uzito. Ni kazi kubwa ile. Mtu wa skrini ndiye anayejua kama kamba inaning'inia huru au imekwama, kwa sababu ikikwama uzito unapungua ghafla. Lakini shemeji aliona ameondolewa shimoni na kuwekwa kwenye kiti cha wagonjwa, na aliyemweka pale ni mimi.

Hakunisemesha siku tatu. Kwa mtu yeyote mwingine ningesema ni kununa. Kwa shemeji, ambaye hakuwahi kupitisha kikombe bila kunitania, ilikuwa kama jenereta imezimwa.

Na katika hali hiyo ndipo tulipoanza kushusha kamba ya mwisho.

Shimo lilikuwa zuri. Paipu ilitoka bila shida. Tukaanza kufunga macho, moja baada ya jingine, na mimi nikiwa kwenye winchi nashusha kidogo, nasimama, wanafunga, nashusha. Shemeji alikuwa anasoma uzito kwenye simu ya upepo. Alisoma kwa Astrid. Hakusoma kwangu.

"Nashusha," nikasema.

Kimya.

"Kibanda, nashusha."

Kimya. Nikangoja jibu ambalo halikuja, na katika kungoja huko upepo ukashika jicho lililokuwa linaning'inia, likazunguka, likagonga ukingo. Tukasikia mlio wa kioo kwenye chuma. Kila mtu akaganda. Fundi wa umeme akalishika kwa mikono miwili, akalikagua polepole, akainua kidole gumba. Lilikuwa zima.

Ndipo simu ya upepo ikasema, kwa sauti ya besi, "Simamisha kila kitu."

Nikajibu, "Nimesimama."

Mlango wa kibanda ukafunguka, shemeji akatoka. Hakuruhusiwa kutoka. Alikuja akitembea polepole, koti halijafungwa, mkononi ana chupa ya maji ya moto. Astrid alikuwa tayari anatazama saa.

"Nini kimeharibika?" akauliza.

"Mimi," akasema shemeji. "Nina hasira na shemeji yangu. Siwezi kushusha kitu shimoni nikiwa na hasira moyoni."

Astrid alimtazama kama mtu anayehesabu. Shimo lilikuwa linaganda tulivyosimama. "Mnaweza kuongea baadaye?"

"Baadaye hasira itakuwa imeingia kwenye shimo. Nipe dakika moja. Ni kutasa tu."

Niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi, maana wengine hamjaona. Wazee wetu walishika kwamba hasira iliyofichwa kati ya watu wa nyumba moja inaharibu: mtoto anaugua, mvua inakataa, kazi inapinda. Kwa hivyo mwenye hasira anatia kinywani pombe ya miwa, au maji tu, anayapuliza nje mbele ya watu, anaitaja hasira yake na kuiambia iende. Hiyo ndiyo kutasa. Sisi ni watu wa kanisa, na shemeji alikuwa mwanakwaya. Lakini sikuwahi kumwona akianza kisima huku amemkasirikia mtu bila kufanya hivyo kwanza, iwe kwa maji, iwe kwa soda.

Astrid alikuwa ameona hayo Mata. Akasema, "Dakika moja."

Shemeji akajaza kinywa, akapuliza. Kule maji ya moto hayafiki chini. Yalitoka kinywani yakawa moshi, kisha vumbi linalong'aa, likaelea mbele yetu likipeperushwa taratibu. Watu wakasema "aaa", kama watoto.

"Nilimkasirikia shemeji yangu," akasema, "kwa kuwa alisema ukweli juu ya mapafu yangu. Kama kuna hasira moyoni mwangu, na iende na jua likitua."

"Jua halitui hapa, shemeji," nikamwambia.

Akatazama lile jua, lililokuwa juu vilevile wiki nzima. Akafikiri.

"Basi na izunguke nalo."

Nami nikachukua chupa, kwa sababu nami nilikuwa nayo ya kwangu, hasira ya kutosemeshwa. Nikapuliza. Fundi wa umeme akataka kujua kama wengine wanaweza. Astrid akapiga kelele, "Hapana! Kila mtu kazini!" lakini alikuwa anacheka, na tayari watu wawili walikuwa wamejaza vinywa.

Shemeji akarudi kibandani. Nikakaa.

"Kibanda, nashusha."

"Shusha, shemeji. Uzito ni mzuri."

"Uzito mzuri, nashusha."

Sitawaambia kwamba kutasa ndiko kulikoishusha ile kamba. Iliyoishusha ni winchi. Lakini sikilizeni kilichofuata. Macho yote yalikuwa yameshaingia majini, kamba imefika mbali chini, na mimi nimezoea mwendo, nimekaa kama mtu anayesuka ukili. Mara shemeji akasema, "Nyepesi!"

Mkono wangu ulikuwa umevuta breki kabla neno halijaisha. "Nimesimama!"

"Imekaa juu ya kitu."

Astrid akaja kwenye simu. Alisema kuta zimeanza kubana mahali fulani, na kamba imekalia ukingo. Tukiilazimisha, kebo italegea na kujikunja juu ya macho. Tukingoja, itagandia hapo ilipo, katikati, na shimo limepotea. Sauti yake ilikuwa tulivu. Yangu sijui ilikuwaje. Nilimfikiria yule mzee mbele ya skrini, na jambo moja alilolitaka, na kwamba hakuna shimo jingine.

"Wakesho, pandisha nusu mita. Polepole."

"Napandisha."

"Uzito unarudi," akasema shemeji. "Unarudi. Umerudi."

"Shusha. Polepole kuliko polepole."

"Nashusha."

"Mzuri... mzuri... nyepesi."

"Nimesimama."

Tukafanya hivyo tena. Na tena. Sikuhesabu. Hakukuwa na sauti nyingine pale, ni sisi watatu tu tukiitana na kujibizana. Kisha mara moja nikashusha, nikingoja lile neno, na badala yake nikasikia shemeji anavuta pumzi.

"Nzito," akasema. "Shemeji, ni nzito! Imepita! Shusha, mama, shusha!"

"Nashusha!"

Ilifika chini. Nilipoambiwa nivute breki ya mwisho vidole havikufunguka, na fundi wa umeme akanifungua kimoja kimoja. Watu walikumbatiana wakiwa wamevaa nguo nene hata hawakuweza kufikishana mikono mgongoni. Shemeji alikaa mlangoni pa kibanda akipiga buti sakafuni kwa mdundo wa wimbo wa kwaya, akiimba besi peke yake, bila sauti nyingine za juu, na haijalishi.

Barafu ilipokwisha kushika, wakayawasha macho. Yote yalijibu isipokuwa moja, ambalo halijaamka hadi leo. Shemeji alisema hilo moja linatulia.

Tukarudi nyumbani. Yeye akapanda huku Werugha kwa ng'ombe na kabichi zake, mimi nikamfuata baadaye, maana alihitaji mtu. Akaanza kungoja. Kila Astrid alipopiga simu kuuliza hali, swali la shemeji lilikuwa lilelile: "Imeona?" Naye alijibu kwa uaminifu kwamba kamba inafanya kazi, imeona nyingi za hapa karibu, lakini ile ya mbali bado. Mvua zikaja zikaenda. Kikohozi kikashuka kifuani kikakaa. Ilifika wakati anauliza, "Imeona?" na inabidi mimi nirudie kwenye simu, kwa sababu sauti haikutoka.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mwezi wa Julai, ukungu umefunga, nami nilikuwa namenya viazi. Simu ikalia, ikawa ni Astrid, na safari hii alitaka tumwone uso. Nikaiweka mbele ya shemeji. Astrid hakusalimia.

"Maghanga. Imeona."

Shemeji akakaa wima kitandani bila kushikwa.

Astrid akaleta picha. Ni picha niliyo nayo bado: mistari ya nukta nyeusi iliyosimama kama mahindi shambani, na katikati nukta zimewaka, kubwa na ndogo, nyekundu upande zilipoanza, kisha njano, kisha kijani, zimeshuka kimshazari kutoka kona moja hadi nyingine. Au zimepanda, maana nyutrino hiyo ilitoka chini. Ilikuwa imepita katika dunia nzima kabla ya kugonga. Astrid alisema ina nguvu mno kuwa ya hapa karibu, na kwamba wenzake wameikagua na kuikagua kabla hajapiga simu. Akaonyesha kwa kidole mstari mmoja, palipowaka kuliko pote.

"Huu ni wenu. Imepita karibu na macho yenu kabisa."

"Imetoka chini," akasema shemeji. "Ilipitia Werugha?"

"Hapana. Iliingilia upande wa kaskazini, baharini."

"Pole yake," akasema. "Ingekunywa chai."

Astrid akacheka huku anafuta macho. Nilikuwa bado nimeshika kisu na kiazi.

Simu ilipokatika, shemeji akataka kutoka nje. Nikamvika koti, nikamshika kiunoni, tukafika ukingoni mwa tuta la kwanza, pale watu wa hapa husimama kuitana na majirani wa ng'ambo ya bonde. Akajaza kifua. Sikujua kama kulikuwa na sauti iliyobaki humo.

"Imepatikanaaa!"

Kisha sauti ya Mama Mkamburi, jirani yetu, ikajibu kutoka chini, "Wapiii?"

"Hukuuu! Njooo!"

Mtamba wa Mama Mkamburi alikuwa amepotea tangu juzi yake. Sisi hatukulikumbuka hilo hata kidogo. Alipanda matuta yote akikimbia, akatokeza kwenye ukungu akihema, gauni limelowa hadi magoti, na kamba mkononi.

"Yuko wapi?"

Shemeji akamwonyesha simu. Mama Mkamburi akaitazama picha, akatazama nyuma ya nyumba, akaitazama picha tena.

"Maghanga, ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Ng'ombe sijamwona, mama. Hii ni nyutrino."

"Umenitoa kule chini na matope haya," akasema, "kwa taa za Krismasi?"

Nilidhani atageuka aondoke. Lakini alimtazama shemeji usoni, akaona kilichokuwapo pale, akaichukua simu kwa mikono miwili na kuisogeza karibu.

"Na hii ni yako wewe?"

"Ni yetu. Mimi na shemeji."

Mama Mkamburi akaiweka ile kamba juu ya benchi, akakaa, akakunja gauni lake lililolowa.

"Haya. Nieleze."

Shemeji akakaa karibu naye. Akasubiri kikohozi kipite, akapangusa kinywa.

"Kwanza, Mama Mkamburi," akasema, "ondoa jembe akilini. Kule unachimba kwa maji ya moto."